Wilaya Isiyo na DC: Nani Anaongoza Vijiji vya Milimani Uingereza?

Tangu Desemba 2024, serikali ya Uingereza ilipotangaza kwamba halmashauri za wilaya zilizobaki zitavunjwa na kazi zake kuhamishiwa kwenye halmashauri kubwa zaidi, habari hiyo imeelezwa kila namna. Wapo wanaodai kuwa wilaya zenyewe zinafutika na watu watakosa anwani. Wapo wanaouliza ma-DC wa huko watapangiwa kazi gani. Wengine wamesikia kwamba vijiji vizima vya milimani vimo ndani ya hifadhi ya taifa, wakashangaa watu wanaishije hifadhini bila kuhamishwa.

Maswali hayo ni ya haki kabisa, kwa sababu yanatoka kwenye mfumo tunaoujua. Kwetu wilaya ina mkuu wake, hifadhi ina geti lake, na ukitaka kujua nani anaongoza mahali unauliza nani mkubwa pale. Kwenye milima ya kaskazini mwa Uingereza swali hilo halikufikishi popote. Huko swali linalojibika ni hili: unazungumzia jambo gani? Taka, barabara, kibali cha kujenga, polisi, makaburi? Kila jambo lina wenyewe, na wenyewe hao hawatumii ramani moja.

Nitalieleza hilo kwa kutumia eneo moja, Craven, lililoko kwenye mabonde ya Yorkshire. Nimelichagua kwa sababu yanayotarajiwa kuzipata wilaya nyingi sasa, Craven yaliipata mwaka 2023, kwa hiyo tunaweza kuangalia kilichotokea badala ya kukisia.

Kwanza tuelewane juu ya maneno machache. Ninaposema Uingereza hapa nina maana ya England peke yake, kwa sababu Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao. Kaunti ni eneo kubwa linaloweza kulinganishwa na mkoa, ingawa halina mkuu wa mkoa. Wilaya ni sehemu ya kaunti yenye halmashauri ya madiwani wa kuchaguliwa. Parishi ni ngazi ya chini kabisa, ya kijiji au mji mdogo. Hifadhi ya taifa nayo ni kitu tofauti kabisa na Serengeti au Tsavo, na tutaifikia.

Nchi ya mawe yanayomeza maji

Craven imekaa juu ya Pennines, safu ya vilima inayopita katikati ya kaskazini mwa Uingereza kama uti wa mgongo. Ukisikia milima, usiwazie Kilimanjaro. Vilele vitatu vinavyojulikana zaidi ni Whernside wenye mita 736, Ingleborough mita 723 na Pen-y-ghent mita 694. Dodoma mjini pako juu kuliko vyote vitatu. Hata hivyo vilima hivi vinafanya maisha kuwa magumu kwa namna yake: upepo ni mkali, mvua ni nyingi, na majira ya kupanda nafaka ni mafupi mno. Ndiyo maana kazi ya huko juu ni kondoo, wa aina kama Swaledale na Dalesbred, wenye sufu ngumu inayostahimili baridi.

Kinachoitofautisha Craven ni mawe yake. Sehemu kubwa ya eneo hili ni mawe ya chokaa, na chokaa huyeyushwa polepole na maji ya mvua hadi inatoboka nyufa, mashimo na mapango. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni kule Tanga ameona kazi ya aina hiyo hiyo, na wenyeji wa upande wa uwanda kule Unguja wanajua namna ardhi ya mawe inavyokunywa mvua na kutoacha mto juu yake. Kwenye ubavu wa Ingleborough kuna shimo linaloitwa Gaping Gill ambamo kijito kizima kinaporomoka takriban mita 100 wima hadi kwenye ukumbi mkubwa chini ya ardhi. Mtu wa kwanza kufika chini alikuwa Mfaransa, Édouard-Alfred Martel, mwaka 1895, akiteremka kwa ngazi za kamba. Siku hizi vilabu vya wapenda mapango hufunga winchi pale mara mbili kwa mwaka na kuwateremsha watu wa kawaida.

Malham ni mfano mwingine. Kuna ziwa dogo juu ya kilima, na kijito kinachotoka humo husafiri mwendo mfupi kisha kinazama ardhini mbele ya macho yako. Chini kidogo kuna jabali la Malham Cove, ukuta wa chokaa wenye urefu wa kama mita 80, na maji yanabubujika kwenye kitako chake. Kila mgeni hudhani ni kijito kile kile kimetokeza. Siyo. Maji yaliyozama karibu na ziwa hutokeza kwenye chemchemi iliyo kusini zaidi ya kijiji, na yale ya kitako cha jabali yametoka sehemu nyingine, yakiwa yamepishana chini kwa chini. Desemba 2015, wakati wa dhoruba iliyopewa jina la Desmond, mvua ilizidi uwezo wa mapango kumeza, na kwa muda mfupi maporomoko ya maji yakashuka kutoka juu ya jabali hilo, jambo ambalo watu wengi waliokuwepo hawakuwahi kuliona maishani.

Sijaeleza haya kwa ajili ya kupamba makala. Maji ndiyo yanayoonyesha vizuri kwa nini mipaka ya utawala huku haitoshelezi. Mito mitatu inaanzia au inapita Craven. Ribble inaelekea kusini kisha magharibi hadi Bahari ya Ireland. Wharfe na Aire zinashuka upande wa mashariki na hatimaye kuingia Bahari ya Kaskazini. Aire inapita katikati ya jiji la Leeds, ambalo halimo kwenye kaunti hii. Mwishoni mwa Desemba huo huo wa 2015 Leeds ilifurika vibaya, na mpango wa kuikinga uliofuata haukuishia kwenye kuta za mjini. Umehusisha pia kupanda miti na kupunguza kasi ya maji huku juu, kwenye ardhi ya wafugaji. Kwa hiyo mambo ya mto hayako mikononi mwa halmashauri ya kijiji wala ya wilaya peke yake. Yupo wakala wa mazingira wa kitaifa anayesimamia mito mikubwa kwa kufuata mabonde yake, bila kujali mpaka wa kaunti.

Upande wa kusini wa Craven vilima vinapungua na kuacha upenyo wa tambarare kati ya mashariki na magharibi, unaofuata bonde la Aire. Hapo ndipo barabara, reli na mfereji wa Leeds na Liverpool, uliokamilika mwaka 1816, vilipopita. Hapo pia ndipo ulipo Skipton, mji mkubwa kuliko yote ya eneo hili, wenye ngome ya kale na mnada wa mifugo ambao hadi leo ndio kitovu cha biashara ya kondoo na ng'ombe. Kaskazini, kwenye nyika ya Ribblehead, reli ya kutoka Settle kwenda Carlisle inavuka bonde juu ya daraja la mawe lenye matao 24. Ukisimama chini yake siku ya mvua unaelewa kwa nini ujenzi wake miaka ya 1870 uligharimu maisha ya wafanyakazi wengi.

Wilaya iliyozaliwa 1974 na kuvunjwa 2023

Jina la Craven ni la kale sana, lakini wilaya ya Craven haikuwa ya kale hata kidogo. Ilianza tarehe 1 Aprili 1974, kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa sehemu ya West Riding, mojawapo ya sehemu tatu za jadi za Yorkshire. Sheria ile iliifuta West Riding kama chombo cha utawala, ikaiweka Skipton na vijiji vyake chini ya kaunti mpya ya North Yorkshire, na ikaihamishia miji jirani ya Barnoldswick na Earby upande wa Lancashire. Kuna watu wa Barnoldswick ambao mpaka leo wanapeperusha bendera ya Yorkshire yenye waridi jeupe, zaidi ya miaka 50 baada ya mpaka kuhamishwa. Kwao kaunti ni asili, na asili haihamishwi na sheria ya Bunge.

Wilaya hiyo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba kama 1,177, dogo kuliko kisiwa cha Unguja, na watu wapatao 57,000 kwa sensa ya 2021. Ilikuwa na madiwani 30, ofisi zake Skipton. Juu yake kulikuwa na halmashauri ya kaunti yenye makao Northallerton, mji ulioko mbali upande wa mashariki. Na hapa ndipo mkanganyiko wa wengi unapoanza, kwa sababu kaunti haikuwa bosi wa wilaya. Zilikuwa halmashauri mbili zilizogawana kazi kwa wananchi wale wale, na kila moja ilichaguliwa kivyake.

Fikiria harusi yenye kamati mbili zisizo na mwenyekiti mmoja. Kamati moja inashughulikia chakula, nyingine ukumbi na usafiri, na mgeni aliyekosa kiti hajui amwendee nani. Ndivyo ilivyokuwa. Wilaya ilizoa taka majumbani. Kaunti ndiyo iliyoshughulikia taka hizo zikishazolewa. Wilaya ilitoa vibali vya ujenzi, ikasimamia makazi na kukusanya kodi ya nyumba. Kaunti ilisimamia shule, barabara, maktaba na huduma kwa wazee na watoto walio hatarini. Mwananchi alilipa bili moja bila kujua nusu ya shilingi yake imekwenda wapi.

Serikali kuu ilialika mapendekezo ya kubadili hali hiyo mwaka 2020. Halmashauri ya kaunti ilitaka kuwe na chombo kimoja kwa kaunti nzima. Halmashauri nyingi za wilaya zilipinga na kupendekeza viwili, kimoja mashariki na kingine magharibi. Julai 2021 waziri aliamua: kimoja. Tarehe 1 Aprili 2023 wilaya saba, Craven ikiwa mojawapo, zilivunjwa, na kazi zao zote zikaingia kwenye Halmashauri ya North Yorkshire yenye madiwani 90.

Je, Craven ilifutika? Halmashauri ilikufa, mahali hapakuguswa. Skipton ipo, Settle ipo, majina ya mitaa ni yale yale, na barua zinafika kama zamani. Hakuna aliyehamishwa nyumba. Kilichobadilika ni anayejibu simu. Badala ya ofisi mbili sasa kuna moja, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa mwananchi asiyetaka kusoma sheria ili apate pipa jipya la taka.

Lakini kuna kilichopotea, na naona watetezi wa mabadiliko hukipita haraka mno. Diwani wa wilaya ya Craven alikuwa na wananchi wasiofika 2,000. Diwani wa North Yorkshire ana karibu 7,000, na kwenye kata za milimani watu hao wametawanyika kwenye mabonde ambayo huwezi kuyazunguka yote kwa siku moja wakati wa theluji. Mtu wa Bentham, magharibi kabisa, akitaka kuhudhuria kikao Northallerton anavuka Pennines kwa gari kwa saa moja na nusu au zaidi. Halmashauri imeunda kamati za maeneo ili mambo fulani yaamuliwe karibu na wananchi, na hilo ni jema, ila uamuzi wa mwisho kuhusu bajeti hauko Skipton tena.

Kwa nini hakuna DC

Cheo cha Mkuu wa Wilaya tulikirithi kutoka kwa Waingereza. Walipotawala Tanganyika, Kenya na Uganda waliweka kila wilaya chini ya ofisa mmoja aliyetumwa kutoka juu, aliyekusanya kodi, kuamua kesi na kusimamia amani. Ni rahisi kudhani walileta mfumo wa kwao. Ukweli ni kwamba Uingereza yenyewe haikuwahi kuwa na ofisa wa namna hiyo kwenye wilaya zake. Ulikuwa mfumo wa kutawalia watu wengine. Kwao, wilaya ziliundwa na sheria za mwishoni mwa karne ya 19 zikiwa na halmashauri za kuchaguliwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo huko milimani hakuna mtu aliyeteuliwa na Waziri Mkuu kuisimamia wilaya. Kuna kiongozi wa halmashauri, ambaye ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake, na kuna mtendaji mkuu, ambaye kazi yake inafanana na ya mkurugenzi wa halmashauri yetu. Tofauti ni kwamba mtendaji huyo anaajiriwa na madiwani wenyewe kupitia usaili. Hateuliwi na mkuu wa nchi. Mbunge naye hana kiti kwenye halmashauri kwa sababu ya ubunge wake, tofauti na Tanzania ambako mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani. Mbunge wa Skipton na Ripon anaweza kuiandikia halmashauri barua kali kuhusu barabara mbovu, lakini hapigi kura kwenye kikao chake.

Mfalme ana mwakilishi wake katika kila kaunti, na wengine wakimwona amevaa sare na upanga hudhani huyo ndiye mkuu wa mkoa. Kazi yake ni ya heshima: kumpokea Mfalme, kukabidhi nishani, kuhudhuria kumbukumbu. Hana amri juu ya halmashauri wala polisi.

Tangu Mei 2024 kuna cheo kipya kinachochanganya zaidi, nacho ni Meya wa York na North Yorkshire. Wa kwanza kuchaguliwa ni David Skaith wa chama cha Labour. Huyu anapigiwa kura na wananchi moja kwa moja, na anashughulika na usafiri, uwekezaji, nyumba na mafunzo ya kazi kwa eneo lote la halmashauri mbili, York na North Yorkshire. Amekabidhiwa pia usimamizi wa polisi na zimamoto. Haongozi Halmashauri ya North Yorkshire. Na ukisikia Meya wa Skipton, huyo ni mwingine kabisa: ni mwenyekiti wa heshima wa baraza la mji mdogo, anayevaa mkufu na kuzindua shughuli za kijamii.

Hifadhi yenye wakazi, kondoo na machimbo ya mawe

Zaidi ya nusu ya iliyokuwa wilaya ya Craven imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yorkshire Dales, iliyoanzishwa mwaka 1954 na kupanuliwa kwa karibu robo mwaka 2016. Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapopotea zaidi. Kwetu hifadhi ya taifa ni ardhi ya serikali. Watu hawaishi humo, unalipa kiingilio, na anayechunga ng'ombe ndani anakamatwa. Kwa sababu hiyo wengi wakisikia kijiji cha Malham kimo hifadhini wanadhani wanakijiji wamevumiliwa tu.

Hifadhi za Uingereza zilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1949 kwa wazo jingine. Mandhari iliyotakiwa kulindwa ilikuwa tayari imetengenezwa na watu: kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, mabanda ya mawe katikati ya malisho, vijiji vilivyojikunyata bondeni. Ukiwaondoa wafugaji, unaiondoa mandhari yenyewe. Ndiyo maana zaidi ya watu 20,000 wanaishi ndani ya Hifadhi ya Yorkshire Dales, na sehemu kubwa sana ya ardhi ni mali ya watu binafsi, familia za wakulima, mashamba makubwa ya kurithi na taasisi za hisani. Hakuna geti. Hakuna kiingilio. Mamlaka ya Hifadhi haina askari wa bunduki, na ardhi inayoimiliki yenyewe ni kidogo sana.

Sasa nguvu yake iko wapi? Iko kwenye kibali cha ujenzi. Mfugaji wa kijiji cha Horton-in-Ribblesdale akitaka kugeuza banda lake la mawe liwe nyumba ya mwanawe anayeoa, haendi Halmashauri ya North Yorkshire. Anaomba kwa Mamlaka ya Hifadhi, na wataalamu wake watauliza kuhusu ukubwa wa madirisha, aina ya mawe ya kuezekea, barabara ya kufika, na kama taa za usiku zitaharibu giza la bondeni. Ruhusa inaweza kuja na sharti kwamba nyumba ikaliwe na mwenyeji. Jirani yake wa Settle, kilomita chache tu kusini, anaomba halmashauri, kwa sababu mji wa Settle umeachwa nje kidogo ya mpaka wa hifadhi. Skipton na Ingleton nazo ziko nje.

Wajumbe wa Mamlaka hiyo wanatoka kwenye halmashauri za eneo husika na wengine huteuliwa na waziri, wakiwemo wanaowakilisha parishi. Fedha zake nyingi hutoka serikali kuu. Kisheria inapaswa kulinda uzuri wa asili, wanyama na urithi, na kuwawezesha watu wote kuufurahia. Mambo hayo mawili yakigongana, ulinzi ndio unaotangulia. Inawajibika pia kuangalia hali ya maisha ya wakazi. Kuweka mizani hiyo si kazi nyepesi. Wengi hushangaa kukuta machimbo ya mawe yakifanya kazi karibu na Helwith Bridge, ndani ya hifadhi, na treni zikibeba kokoto za kujengea barabara. Machimbo hayo yana vibali, yanatoa ajira, na Mamlaka ya Hifadhi ndiyo inayoamua yaendelee hadi lini na kwa masharti gani.

Malisho ya juu mlimani nayo yana utaratibu wake wa kale. Kwenye ardhi nyingi za malisho ya pamoja kila shamba lina idadi ya kondoo linayoruhusiwa kupeleka, na haki hiyo huuzwa au kurithiwa kama mali nyingine. Hakuna uzio mlimani. Kondoo jike anamfundisha mwanawe eneo la ukoo wao, na kundi linabaki pale kizazi hadi kizazi. Mfugaji akiuza shamba, mara nyingi kondoo wa mlimani wanauzwa pamoja nalo, maana wengine wakiletwa hawatajua mahali pao. Tangu sheria ya mwaka 2000 kila mtu ana haki ya kutembea kwa miguu kwenye nyika hizi hata kama ni mali ya mtu, mradi asiharibu na mbwa wake amdhibiti. Akianguka pangoni, wanaomwokoa ni watu wa kujitolea. Kikosi cha kuokoa watu mapangoni kilichoko kijiji cha Clapham kilianza mwaka 1935, hakilipwi mshahara, na kinaitwa kupitia polisi.

Parishi, ngazi ya chini inayodharauliwa

Parishi ilizaliwa kanisani, lakini sheria ya mwaka 1894 ilitenganisha mambo ya kiraia na ya kidini. Leo baraza la parishi halina uhusiano na padri wala ibada. Mwislamu, Mkristo au asiye na dini anaweza kugombea. Wajumbe wake kwa kawaida hawalipwi, na mtumishi pekee aliyeajiriwa mara nyingi ni karani wa muda.

Kazi zake zinaonekana ndogo: makaburi, bustani za kukodisha, kituo cha basi, benchi, ukumbi wa kijiji. Baraza hutoa pia maoni juu ya maombi ya ujenzi, ingawa haliamui. Kwenye vijiji vidogo kabisa hata baraza halipo. Wapiga kura wote ni mkutano wa parishi na wanakaa pamoja kuamua, kama mkutano mkuu wa kijiji unavyotakiwa kuwa kwetu. Tangu wilaya ivunjwe naona ngazi hii imepata uzito mpya, kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki ambayo mtu anaweza kuifikia kwa miguu.

Bili ya kodi ya nyumba inaonyesha ngazi hizi kwenye karatasi moja. Kiasi hutegemea kundi la nyumba, kuanzia A hadi H, kulingana na thamani iliyokadiriwa kwa bei za Aprili 1991. Kuna mstari wa halmashauri, wa polisi, wa zimamoto na wa parishi. Mamlaka ya Hifadhi haimo kwenye bili. Tangu Aprili 2025 halmashauri inatoza mara mbili nyumba za mapumziko, zile ambazo wenyewe wanaishi kwingine na kuja wikiendi. Ni hatua ninayoiunga mkono. Kijiji chenye madirisha ya giza majira yote ya baridi kinapoteza shule, kisha duka, kisha basi, na hapo vijana wanaotaka kurithi kondoo wa baba zao hawana pa kukaa.

Usije ukategemea anwani kukuambia nani anakuongoza. Msimbo wa posta wa Skipton ni BD23, herufi za Bradford, na wa Bentham ni LA2, herufi za Lancaster. Hakuna kati ya miji hiyo miwili mikubwa inayotawala huko. Ni njia za kusambazia barua tu. Mgonjwa wa Skipton hupelekwa hospitali iliyoko Steeton, upande wa Bradford, kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na huduma ya afya ina mipaka yake isiyofuata kaunti. Kwenye tovuti ya serikali kuna mahali pa kuandika msimbo wa posta nawe ukaonyeshwa halmashauri yako.

Kinachokuja sasa kinahusu wilaya nyingine za milimani, kama Derbyshire Dales, High Peak na Staffordshire Moorlands, ambazo bado zina mfumo wa kamati mbili. Kwa ratiba ya serikali, halmashauri mpya nyingi zinatakiwa kuanza Aprili 2028, na ubishi uliopo ni juu ya mipaka: nani aunganishwe na nani, na kama vijiji vya wafugaji viwekwe chombo kimoja na miji ya viwanda. Sehemu ya kila moja kati ya wilaya hizo tatu imo ndani ya Hifadhi ya Peak District, ya kwanza kuanzishwa Uingereza, mwaka 1951. Kuvunjwa kwa halmashauri za wilaya hakuugusi mpaka wa hifadhi hiyo. Mfugaji wa huko mwenye banda lake la mawe ataendelea kupeleka maombi yake ofisi ile ile ya Bakewell.